Hostingi ipi ununue kama websaiti yako ina databesi: mpangilio wangu kwa watu wa Mbeya, Iringa na Njombe

Hapa Mbeya swali ninaloulizwa sana ni hili, "kaka nimeshatengenezewa websaiti, sasa niinunulie hostingi gani?" yaani nafasi ya kuiweka kwenye seva, kompyuta inayokaa mtandaoni muda wote, na mimi kabla sijajibu lazima niulize kwanza hiyo websaiti inafanya nini, maana watu wengi wanalipia kitu kisichoendana na kazi yao.

Kuna websaiti ya kusoma tu. Picha, namba ya simu, ramani ya kufika Soweto, basi. Hayo ni mafaili ya kawaida, GitHub Pages inayaweka bure na wala usilipie hata mia. Halafu kuna websaiti ambayo mteja anafanya kitu ndani yake, gesti ya Mafiati yenye fomu ya kushika chumba, duka la spea Mwanjelwa lenye kikapu, au chama cha wakulima wa parachichi Njombe ambapo kila mkulima analogini anaona kilo alizopeleka. Hapo mtu akibonyeza, ombi linaenda kwenye seva, seva inaendesha skripti (programu ndogo), skripti inachungulia databesi (ghala la taarifa zako) na kutengeneza ukurasa wa mtu huyo palepale ndo unarudi kwenye simu yake. Hiyo GitHub Pages haifanyi, ukipakia faili la PHP (lugha ya kuandikia hizo skripti) kule halitaendeshwa. Nachoongelea hapa ni hii aina ya pili tu.

Namba moja: hostingi ya kuchangia yenye cPanel, PHP na MySQL

MySQL ndo databesi, na cPanel ni ukurasa wa kusimamia hostingi yako. Najua vijana wengi wanaiona ya kizamani, ila kwa gesti, duka, shule, kanisa, saccos, mimi naiweka juu na sina wasiwasi wowote. Sababu iko kwenye namna PHP inavyofanya kazi. Rasmus Lerdorf aliianza mwaka 1994 akitaka kujua nani anaangalia CV yake mtandaoni, akaitoa kwa watu 1995, na tabia yake ya msingi haijabadilika: ombi linakuja, skripti inafanya kazi, inajibu, inamaliza na kuachia memori. Node.js, njia nyingine ya kuendesha programu kwenye seva iliyokuja 2009, yenyewe prosesi inakaa macho muda wote ikisubiri wateja, kwa hiyo inakula RAM (memori) hata saa nane usiku ambapo hakuna mtu anayetafuta chumba. Ndo maana kwenye mashine moja unaweza kubananisha mamia ya websaiti za PHP, nyingi zimelala muda mwingi, na ndo maana bei inakuwa ya chini. Unachangia gharama na wenzako kama mnavyochangia gari la mizigo kwenda Dar.

Sasa kuna vitu vya kuangalia kabla hujatuma hela, na hapa naomba usiwe na haraka.

Uliza toleo la PHP. PHP 7.4 iliacha kupewa marekebisho ya usalama Novemba 2022, kwa hiyo ukikuta kampuni toleo lake la juu kabisa ni hilo, ondoka. Na usikubali jibu la "tunayo PHP ya kisasa", taka namba.

Neno "bila kikomo" usilichukulie kama lilivyo. Nafasi ya diski inaweza kweli kuwa kubwa, lakini chini yake kuna kikomo cha idadi ya mafaili, cha CPU (nguvu ya kuchakata), na cha maombi mangapi yanaendeshwa kwa wakati mmoja, na hicho cha mwisho ndo kinachoua websaiti. Matokeo ya shule yakitoka wazazi mia mbili wakaingia dakika moja, wengine wanaona kosa la 508 (kikomo kimefikiwa) au ukurasa mweupe. Waambie wakutumie hizo namba kwa maandishi.

SSL, kile cheti kinacholinda mawasiliano ya mteja na websaiti (https), usiuziwe. Let's Encrypt inatoa cheti bure, kinadumu muda mfupi ila kinajihuisha chenyewe kampuni ikishakiwekea mpango huo, kampuni inayokulipisha pembeni kwa cheti cha kawaida cha gesti inakuonea tu.

Bei ya kulipia upya iangalie kabla ya ile ya mwaka wa kwanza. Matangazo yanaonyesha ya mwanzo, mwaka wa pili inaweza kupanda mara mbili au tatu, na kwa wakati huo barua pepe zako zote ziko kule na kuhama ni kazi.

Bakapu uliza inachukuliwa kila baada ya muda gani na je unaweza kuirudisha mwenyewe kwenye cPanel bila kumpigia mtu. Kisha bado jiwekee yako, faili la databesi liwe linashushwa kila wiki kwenye kompyuta yako. Kuna saccos moja niliisaidia huku kwetu, seva ya waliowauzia iliharibika na bakapu yao ilikuwa kwenye seva hiyohiyo. Miezi saba ya kumbukumbu za wanachama ikaenda, wakaanza kuandika upya kutoka kwenye madaftari. Mpaka leo nikikumbuka yule mama mhasibu alivyokaa na yale madaftari naumia.

Na seva iko wapi? Hili watu wa huku hatuliulizi kabisa. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Websaiti iliyo kwenye seva ya Dar, mteja aliye Makambako anaifikia bila kuvuka bahari. Kama wateja wako wote wako Tanzania, hostingi ya ndani ina faida kubwa, na tena unalipa kwa M-Pesa au Airtel Money bila kuhangaika na kadi. Kama wageni wako ni watalii wanaotoka Ulaya kuja Ruaha au Kitulo, seva ya Ulaya inakufaa zaidi.

Kitu kingine kidogo, barua pepe za "umefanikiwa kushika chumba" zikitumwa na ile funksheni ya mail ya PHP mara nyingi zinaishia kwenye spamu. Mwambie fundi atumie SMTP ya kulogini (barua zitumwe kupitia akaunti halisi ya barua pepe) na aweke rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha barua imetoka kwako kweli, kwenye domeini (jina la websaiti yako).

Namba mbili: VPS

Hapa unakodi mashine yako peke yako ndani ya mashine kubwa, za chini zinaanzia kama dola 4 mpaka 6 kwa mwezi. Unaweka chochote, mifumo ya kujengea websaiti kama Django na Laravel, Node.js, foleni za kazi, soketi za kuchati. Kama mfumo wako unapokea taarifa za malipo ya simu mfululizo, au wafanyakazi ishirini wanaingia kutwa nzima, hapa ndo pako.

Nimeiweka ya pili kwa sababu moja tu: lazima awepo mtu wa kuitunza. Ukiwasha VPS leo, ndani ya muda mfupi sana utaona kwenye logi maroboti yanajaribu kulogini kwa jina la root (mwenye mamlaka yote ya mashine), hayo hayachagui kama wewe ni mdogo au mkubwa. Kulogini kuwe kwa funguo za SSH (mafaili ya siri ya kuingilia), paswedi zizimwe, faya-woli (kizuizi cha wavamizi) iwashwe, apdeti zijiweke. Chukua mfumo endeshi wa Ubuntu 24.04 maana ina marekebisho ya usalama hadi 2029. RAM usishuke chini ya GB 1, na kama MySQL inakaa humohumo chukua GB 2, la sivyo siku ya watu wengi databesi inazimwa na mfumo wenyewe na wewe unashangaa kulikoni. Na usidhani utaongeza cPanel ili iwe rahisi, leseni yake inaweza kuzidi bei ya VPS yenyewe. Kama kijana wako wa IT anaondoka akimaliza fildi na hakuna mwingine, rudi namba moja.

Namba tatu: platfomu za kusukuma kodi tu

Kodi ninayosema hapa ni maandishi ya programu (code): unayasukuma kutoka Git, chombo cha kutunzia matoleo yake, wao wanaendesha. Ni tamu sana kwa developa, natumia mwenyewe kuonyesha kazi kwa mteja. Ila malipo ni kwa kadi na kwa dola, databesi inalipiwa pembeni, na bili inapanda kadiri watu wanavyoingia, sasa mwenye duka Kabwe anayepanga bajeti ya mwaka mzima hilo linamsumbua. Vifurushi vya bure vya huko vinalala visipotembelewa, mteja wa kwanza asubuhi anasubiri mpaka seva iamke. Na bure yenyewe inaondolewa, Heroku, moja ya platfomu hizo, waliifuta Novemba 2022 na miradi mingi ya wanafunzi ikazimika.

Namba nne: hostingi ya bure ya PHP

Ya kujifunzia, sawa kabisa, mwanafunzi wa chuo cha MUST hapa Mbeya anayefanya projekti aitumie. Biashara hapana. Nyingi zinazuia maombi yanayotoka kwenye mifumo mingine, kwa hiyo taarifa ya kwamba mteja kalipa haifiki kwenye skripti yako. Na ukishakusanya majina na namba za simu za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu, usiziweke mahali ambapo hujui nani anazishika.

Namba tano: kompyuta ya ofisini

Nimeulizwa sana hili kwa hiyo nijibu. Umeme ukikatika websaiti imezima. Na laini nyingi za simu zinawachanganya wateja wengi kwenye IP (anwani ya mtandaoni) moja, mtu wa nje hawezi kuifikia mashine yako hata ikiwa inawaka. Tumia kwa mfumo wa ndani ya ofisi tu.

Sasa jina la domeini, hili ni kwa namba zote. Nunua kwa jina lako na barua pepe yako, iwe .com ya kama dola 10 hadi 15 kwa mwaka au .co.tz kupitia wakala anayetambuliwa. Gesti moja ya hapa mjini fundi aliwasajilia kwa jina lake, akahamia mkoa mwingine, simu haipokelewi, domeini ikaisha muda wakati kibao chao chote cha barabarani kimeandikwa jina lile. Kwa hiyo kabla hujamalizia nusu ya hela ya fundi, mwambie akutumie skrinishoti inayoonyesha mmiliki wa domeini ni nani na barua pepe iliyosajiliwa ni ipi, halafu omba paswedi ya akaunti na uibadilishe akiwa amekaa hapohapo.