Ukurasa wa Instagram wa halmashauri yetu: nyota 3 kati ya 5

Nilianza kuufuata miaka miwili iliyopita kwa ajili ya mikopo ya asilimia 10. Kikundi chetu ni cha watu wenye ulemavu, tunasuka vikapu na mikeka. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwetu. Mikopo ilisitishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka uliofuata, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nachungulia kama dirisha la maombi limefunguliwa.

Tangazo lilitoka, tena kwa wakati. Lakini lilikuwa picha ya barua, yenye nembo, kumbukumbu namba, mhuri na maandishi ya kusoma kwa kukodoa macho. Chini yake waliandika "Tangazo kwa umma", basi. Katibu wetu haoni. Simu yake humsomea maandishi kwa sauti, na anaimudu kuliko mimi, ila barua iliyopigwa picha haiwezi. Yaani yule ambaye ile asilimia 2 iliwekwa kwa ajili yake alipita juu ya tangazo bila kujua ni tangazo. Nilimsomea mimi neno kwa neno, zikiwa zimebaki siku tatu dirisha lifungwe. Inaniuma mpaka leo.

Niliuliza pale chini kama cheti chetu cha zamani kinafaa. Nikajibiwa "Karibu ofisini". Ofisini ni daladala mbili, na wenzangu wawili wanatembelea magongo.

Machapisho mengine mengi ni ya ziara na vikao: nani amekagua nini, nani alikaa meza kuu. Zahanati ya kata yetu imetengewa kiasi gani mwaka huu wa fedha, sijapaona.

Lakini kuna video moja, haifiki hata dakika mbili. Afisa maendeleo ya jamii amesimama chini ya mwembe, anataja taratibu vitu vya kupeleka: katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, cheti cha usajili, akaunti ya benki. Katibu aliisikiliza mara mbili, akatupangia kazi yote kwa kichwa. Nataka za namna hiyo ziwe nyingi, na kila barua iandikwe pia kwa maneno chini ya picha. Nimeshawatumia ombi hilo. Wakilifanyia kazi, nitarudi hapa kuongeza nyota.