Baraza la kahawa nyuma ya Amaan: kama unataka kuangalia mechi kubwa na watu, nenda hapa

Kila mashindano makubwa yakikaribia watu wananiuliza wapi pazuri pa kuangalia mpira hapa mjini Unguja, na sasa Kombe la Dunia la 2026 linaanza 11 Juni maswali yamezidi, basi naandika hapa mara moja kila mtu asome. Kwangu mie jibu ni lile baraza la kahawa lilioko ndani ya mitaa nyuma ya uwanja wa Amaan. Halina kibao wala jina, ukiuliza kwa Ami wa kahawa mtoto yoyote wa mtaa ule atakupeleka mpaka mlangoni. Nalipatia nyota nne na nusu, na hio nusu nlokata ntaeleza chini huko.

Nianze na tumbo. Kahawa chungu inatoka kwenye dele lilokaa juu ya makaa tokea alasiri, kikombe shilingi 200, kashata ipo, tende zipo. Jioni bi mkubwa wake anatoa urojo na huo urojo jamani, mzito wa kiasi, embe mbichi imekolea, bajia zinakaangwa pale pale haziwahi kupoa, chatne ya nazi anaitia bila ya ubahili na pilipili unaongeza mwenyewe kwa kadiri ya roho yako. Bakuli 2,500. Mishkaki wanachoma siku za mechi kubwa tu. Kiingilio hakuna, na soda hata siku ya fainali inauzwa bei ile ile ya jana, hili nalisisitiza kwa sababu kuna pahala pengine mjini hapa siku ya mechi unalipa mlangoni, ukifika ndani maji ya chupa yamepanda mara mbili na hukai vizuri pia. Ami yeye anasema mtu akishakunywa kikombe kimoja kashalipia pahala pake.

Tivii ipo moja kubwa chini ya baraza kwa mechi za kawaida, na zikija mechi kubwa anatoa projekta anapiga ukuta wa jirani uliopakwa chokaa. Picha safi jua likishatua, kabla ya hapo unakodoa macho.

Lakini sikuandika yote haya kwa ajili ya urojo. Kitu ninachokipenda hapa ni ukaaji wake. Hakuna kiti cha mtu mmoja, yote ni mabenchi marefu, unafika unasema salaam aleikum watu wanasogea unakaa, hujui alokaa pembeni yako nani na dakika ya ishirini ya mchezo kashakushika bega. Na Ami ana sharti moja halivunji kwa mtu yoyote: bendera ya chama cha siasa haingii, kofia ya chama unaivua unaiweka mfukoni. Sisi Wazanzibari tunajijua. Kuna maskani ya hawa na baraza la wale, watu wa mtaa mmoja wanakunywa kahawa mbali mbali miaka na miaka, wengine hata harusini hawaalikani. Hapa nimewaona kwa macho yangu wazee wawili ambao mtaa mzima unajua hawasemezani tokea uchaguzi wa zamani huko, wamekaa benchi moja wanabishana ile ilikuwa ofsaidi au siyo. Sidai kama mpira umewapatanisha, ila angalau wamebishana kitu ambacho hakikati udugu, na mwisho mmoja akamnunulia mwenzake kahawa.

Utaratibu huu nimeambiwa ulianza ule wakati wa giza. Wakubwa mnakumbuka, Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima na haukurudi mpaka Machi 2010, miezi mitatu, na katikati ya giza lile ndio ikachezwa AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Angola, Januari 2010. Ami alikuwa na jenereta dogo la kuendeshea friji. Akalitoa nje, akatoa na tivii ya ndani kwake, watu wakachanga petroli, mwenye mia tano mwenye elfu. Usiku ile fainali Misri alipomfunga Ghana moja bila anasema watu walijaa mpaka barabarani, wa mitaa ya mbali wakaja kwa miguu kwa sababu waliona taa. Watu walochanga petroli pamoja mwaka ule ndio bado kiini cha pale mpaka leo, na vijana wao ndio wanaopanga mabenchi sasa hivi.

Ukitaka kujua pahala hapa pakoje siku ya timu yetu, uliza walokuwepo 13 Januari 2025. Kombe la Mapinduzi mwaka ule lilichezwa uwanja wa Gombani, Pemba, kwa timu za taifa badala ya klabu, na Zanzibar Heroes, timu yetu wenyewe, ikaingia fainali na Burkina Faso baada ya kuwa kashamfunga Kilimanjaro Stars, timu ya Bara, moja bila kwenye makundi. Kwa mtu wa nje labda ni kikombe kidogo. Sie FIFA hatumo, CAF, shirikisho la mpira Afrika, walitupa uanachama Machi 2017 wakauchukua Julai mwaka huo huo, na Disemba ile ile tukafika fainali ya Chalenji, kombe la Afrika Mashariki na Kati, kule Kenya tukafungwa kwa penalti, kwa hio mtu wa Zanzibar akiona timu yake iko uwanjani na wimbo wake unapigwa hapimi ukubwa wa kikombe. Tukashinda mbili kwa moja. Pale barazani kuna Wapemba wengi wa maduka na wa bandarini, na utani wa Unguja na Pemba mnaujua ulivyo mkali, usiku ule Waunguja ndio walokuwa wanawapigia simu jamaa wa Chake na Wete kuwapa hongera kama vile Gombani ni kwao. Mie nlimpigia shangazi yangu Chake sikusikia hata neno moja kwa kelele zilizokuwa upande wake, tukabaki tunapigiana kelele tu mpaka salio likaisha.

Halafu Morocco. 2022 Qatar hakuna alokuwa dhidi yao, na saa za Qatar na zetu ni moja basi mechi zilikuja jioni jioni pazuri kabisa. Ile ya Ureno ilianza saa kumi na mbili, ikimaanisha magharibi inaingia katikati ya kipindi cha kwanza. Adhana ilipotoka Ami akazima sauti, wakaingia mskitini nusu ya watu, picha ikabaki inaenda kimya kimya, na walorudi wakawahi lile goli la kichwa la En-Nesyri dakika ya 42. Mzee mmoja alirudi mbio kandambili mkononi. Sijaona furaha kama ile kwa timu isiyokuwa yetu, Afrika ilikuwa haijawahi kufika nusu fainali, na Ufaransa alipotutoa mbili bila watu waliondoka kama wametoka mazikoni. Sasa muone mpira ulivyo, Agosti 2025 Morocco hao hao wakaitoa Taifa Stars, timu ya Tanzania, robo fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, kwa goli moja, na 4 Januari 2026 wakatutoa tena AFCON kule Rabat, moja bila vile vile, mechi yetu ya kwanza kabisa kuvuka makundi. Benchi lile lile lilowalilia 2022 lilikuwa linawapigia makelele. Hakuna alokasirikiana na mwenzake.

CHAN yenyewe nisiipite. Kundi la Sudan, Senegal, Nigeria na Congo mechi zake nyingi zilichezwa hapa hapa Amaan, wengi tuliingia uwanjani lakini walokosa nafasi walijaa kwa Ami, na hapo ndio utaona raha ya kuwa jirani na uwanja: king'amuzi kinachelewa, kwa hio mlio wa uwanja unafika barazani kabla ya goli kufika ukutani. Siku Sudan alipompiga Nigeria nne bila watu walikuwa wanasimama kabla ya mpira kufika hata boksi. Robo fainali yao na Algeria, 23 Agosti, siku moja tu baada ya sisi kutolewa, mioyo ilikuwa bado mizito na nlidhani patakuwa patupu. Wapi. Mtaa mzima uligeuka Sudan, nchi yao iko vitani tokea 2023 na kila mtu pale alikuwa analijua hilo, wakashinda kwa penalti, na vijana kadhaa wa Kisudani walipotoka uwanjani na bendera zao wakapita kichochoro kile wakavutwa ndani, wakamiminiwa kahawa, Ami akakataa pesa yao. Mmoja alilia waziwazi. Bi mkubwa alikuwa kashafunga sufuria akalifungua upya kwa ajili yao.

Haya, nusu nyota. Akinamama wamewekwa ukumbini kwa bi mkubwa, mlango wazi, mkeka na viti, wanakaa na watoto wao kwa raha, hilo zuri sana na sehemu nyingi za mpira mwanamke hana pa kukaa kabisa. Lakini nguzo ya umeme inakata upande mmoja wa picha kutokea pale, dada yangu kila siku analalamika na ana haki, naomba projekta isogezwe au wawekewe ile tivii ya baraza ndani, haitumiki siku hizo. Choo ni kimoja na foleni yake mapumziko inatisha. Moshi wa mishkaki nao, ukikaa chini ya upepo utanuka mpaka kesho.

Kuhusu Kombe la Dunia, mechi nyingi kwa saa zetu ni usiku mkubwa, Brazil na Morocco kwa mfano ni saa saba usiku kuamkia 14 Juni. Ami kashazungumza na majirani, spika zinazimwa saa sita na baada ya hapo ni sauti ya tivii tu, vuvuzela usije nalo. Urojo ataufanya mara mbili, jioni na baada ya saa tano. Ukienda na familia fika kabla ya isha maana ukumbi unajaa mwanzo, na gari liache huko barabara kubwa, kichochoro hakipitishi.