Kisite kwa boti ndogo ya Shimoni: mtafuteni nahodha anayezima mashine

Watu wengi hapa Mombasa wakitaka kwenda kuona pomboo wanaulizia boti kubwa yenye muziki. Mimi nawaambia ka mwaenda Kisite, ile hifadhi ya bahari huko Pwani ya kusini, tafuteni boti ndogo ya wenyeji wa Shimoni ama Wasini, zile za kubeba watu wachache, na kabla hujatuma hata shilingi muulize nahodha mambo mawili: siku hiyo maji yajaa saa ngapi, na tukiwaona pomboo mtafanyaje. Akikujibu "tutawafuata mpaka muwashike", tafuta mwengine.

Kutoka mjini lazima mtoke alfajiri manake kuna Likoni ya kuvuka, halafu Ukunda, Msambweni, Ramisi, ndio mkate kushoto kuingia Shimoni, na wenye gari zao wapite Dongo Kundu waepukane na foleni ya feri. Kiingilio cha KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) kinalipwa kwa simu na bei ya mwananchi si ya mgeni, so beba kitambulisho, na ulizeni mapema ka hela ya boti imejumlisha kiingilio na chakula ama kila kitu kando, hapo ndipo watu hugombana gatini. Sisi tulielezwa yote kabla ya kuondoka, bei haikubadilika njiani. Laifujaketi kila mtu alipewa, hata mtoto wa dadangu alipata ya saizi yake na nahodha mwenyewe ndiye aliyemkaza kamba, akavuta tena kuhakikisha.

Sasa pomboo. Tuliwapata upande wa visiwa vya Mpunguti, jirani ya Kisite, kundi zuri, na kulikuwa na mama na mtoto wake ubavuni wanaibuka pamoja wanazama pamoja. Kuna boti nyengine ilikuwa imejaa wageni ikawa inawakimbiza, inawakata mbele, wanazama wanatokea kwengine inageuza tena inawafuata, mpaka moyo uliniuma jamani. Pomboo si samaki, lazima aje juu avute pumzi, na yule mtoto bado ananyonya, sasa ukimkimbiza mamake saa zote atanyonya saa ngapi? Nahodha wetu alisimama mbali, akazima mashine, akatwambia, "Tulieni, wakitaka watakuja wenyewe." Tukakaa kimya boti inayumba tu, mmoja wetu ikaanza kumlevya bahari, na kweli baada ya muda wakaja. Walipita karibu kabisa, unasikia pumzi yao pfuuu, mmoja pezi lake la mgongoni lina kipande kimemeguka, na tulivyokuwa kimya walikaa nasi muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kwangu hiyo pekee ilitosha hela yote niliyotoa.

Halafu Kisite kwenyewe. Ni hifadhi, hakuna kuvua hata kidogo (Mpunguti wenyeji wanaruhusiwa kwa njia zao za jadi), na ukitia kichwa majini tofauti utaiona, samaki hawakukimbii. Vitatange, changu, kasa mmoja alipita chini yetu hana haraka na mtu. Lakini kilichonishika ni samaki pono: nyamaza, usipige miguu, utamsikia anavyotafuna jiwe kwa meno, kru kru kru, anakula majani yaliyoota kwenye matumbawe na akishamaliza anatoa mchanga. Yaani ule mchanga mweupe tunaoringia Pwani, sehemu yake imepita tumboni kwa pono! Baharia aliogelea nasi muda wote na kila aliyetaka kusimama juu ya matumbawe alikatazwa, kwa heshima lakini kwa ukali, na ni haki, ile ni kitu hai inayokua polepole mno.

Kilichoniudhi ni miwani ya kuzamia. Imechakaa, raba zimekauka, maji yanaingia, nusu ya muda unaitoa unamwaga. Wabadilishe. Ka unayo yako beba. Choo botini hakuna, kivuli ni kidogo, vaa mikono mirefu.

Chakula cha mchana tulishukia Wasini, kisiwa hakina gari hata moja, tukaletewa kaa wazima na kijiti cha kuwapasulia, samaki wa kupaka, wali wa nazi, na mwani wa kukaangwa ambao mimi nilidhani sitauweza nikaumaliza wa jirani. Mkishakula msirudi botini mbio, piteni bustani ya matumbawe inayoangaliwa na kina mama wa Wasini, ni matumbawe ya zamani yamesimama makavu na daraja la mbao juu yake, na hela ya kuingia inabaki kwao. Pango la Shimoni lililofungiwa watumwa nalo liko karibu na gati, sisi muda ulitubana.

Kuhusu msimu: ukitaka maji maangavu na bahari tulivu nenda msimu wa upepo wa kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi hivi. Kusi ikivuma mawimbi yanakuwa makubwa, watoto wadogo waacheni nyumbani, lakini kuanzia Julai mpaka Septemba ndio nyangumi wanapita. Nyota nne kati ya tano, hiyo moja ni ya miwani. Agosti narudi kwa nahodha huyuhuyu kutafuta nyangumi, nishamwambia atuwekee nafasi.