TAHADHARI DODOMA: Sensa feki za hewa na "paketi za steji 2" kwa Subaru zenye tabo

Wakuu wenye Impreza WRX, Forester za tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa ya ziada kwenye injini) na ndugu zake hapa Dodoma, Singida na Manyoni, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza kitu anachokiita "paketi ya steji 2", yaani seti ya spea za kuongeza nguvu ya injini. Ndani kuna sensa ya hewa "mpya kutoka Japani", ea klina ya koni na bomba lake, kiboksi cha kuchomeka kwenye soketi ya kupimia gari, na ukiongeza hela, tabo kubwa kuliko ya kiwandani. Picha zinavutia, maboksi yana nembo ya Denso, bei ni kama robo ya bei ya dukani. Anataka alipwe yote kwa simu kwanza, mzigo unakuja kwa basi kutoka Dar, unaupokea stendi ya Nanenane. Ukirudi kulalamika unaambiwa spea ya umeme ikishafunguliwa hairudi.

Sensa hizo ni feki. Kati ya vitu vyote vya paketi, hiyo ndiyo inayoweza kuua injini, kwa hiyo tutakaa nayo zaidi.

Sensa ya hewa inakaa baada ya ea klina. Ina kijiwaya kinachopashwa moto kwa umeme, na hewa inayopita inakipoza. Umeme unaohitajika kukirudishia joto lake ndio unaoiambia kontroli boksi (kompyuta ya injini) gramu ngapi za hewa zinaingia kila sekunde. Kwa hesabu hiyo kontroli boksi inapanga petroli ya kumwaga na wakati wa plagi kuwaka. Za feki zina kijiwaya, lakini vipimo vyake havifuati vya kiwandani. Kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa, zinaweza kusoma karibu na sawa, halafu zinaposomeshwa hewa nyingi zinasoma pungufu.

Hapo ndipo watu wanapoliwa. Mjini gari linaenda vizuri, kwa sababu ukiendesha taratibu sensa ya oksijeni kwenye eksozi inaona petroli ni chache na kontroli boksi inaongeza. Ukikanyaga tabo ikajaza, marekebisho hayo yanaachwa na hesabu ya sensa ya hewa inafuatwa ilivyo. Chukulia hewa halisi ni gramu 150 kwa sekunde, sensa inasema 120. Injini iliyopangwa kupata hewa 11 kwa petroli 1 sasa inapata karibu 13.75 kwa 1. Wakati huohuo kontroli boksi inadhani mzigo ni mdogo, kwa hiyo inawahisha plagi kuwaka. Petroli pungufu na moto wa mapema vikikutana ndani ya silinda yenye presha, injini inagonga, na kingo za pistoni zinazoshika ringi zinakatika. Kwa EJ20, injini ya Subaru hizi, huwezi kulitengeneza hilo kwa kuvua kichwa tu, inabidi pistoni zenyewe zitolewe. Mtu ameovateki malori matatu kwenye barabara ya Morogoro, anafika akiwa na moshi wa bluu na silinda moja haina kompresheni.

Ongezea kwamba WRX na STI za soko la Japani zilipangwa kwa petroli ya oktani inayokaribia 100. Tunayojaza sisi mara nyingi haifiki huko, kwa hiyo hata gari zima halina nafasi kubwa ya kuvumilia makosa.

Muuzaji huyu ana mbinu moja inayowaingiza hata watu makini. Anakuja na mashine, anafunga sensa, anafuta kodi (namba za makosa zilizohifadhiwa kwenye kontroli boksi), taa ya injini inazima, anasema "umeona?" Kufuta kodi kunazima taa kwa gari lolote, hata usipobadilisha kitu. Kunafuta pia marekebisho ya petroli yaliyojifunzwa, na makosa mengi hayawashi taa tena mpaka yaonekane kwenye safari zaidi ya moja. Taa inarudi akiwa hapokei simu.

Kabla hujanunua sensa yoyote, hakikisha yako imekufa kweli. Kodi ya P0171, yaani petroli pungufu, haimaanishi moja kwa moja kwamba sensa ni mbovu. Kwenye Subaru hizi bomba la hewa linaloingia kwenye tabo limepita chini ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda), linapasuka kwa joto na uzee, na ufa hauonekani mpaka uvue vitu au upulize moshi wa kupimia. Hewa ikiingia kati ya sensa na tabo, haijahesabiwa, gari linakosa petroli. Hewa ikivuja baada ya tabo, imeshahesabiwa, kwa hiyo petroli inazidi na utaona moshi mweusi ukikanyaga. P0102 inaelekeza kwenye umeme: waya uliokatika, soketi iliyolegea, au sensa yenyewe. Vumbi letu nalo linachafua kijiwaya. Kisafishe kwa dawa maalumu ya sensa za hewa, kikauke chenyewe. Usitumie petroli, dawa ya breki, brashi wala upepo wa kompresa, maana kinakatika kirahisi mno.

Ukishajua ni sensa, usiamini boksi, kwa sababu boksi linachapishwa Kariakoo kama kadi ya harusi. Linganisha namba na ile iliyo kwenye sensa yako ya zamani, kwa WRX nyingi za 2002 hadi 2005 ni 22680AA310. Namba nayo inaigwa, kwa hiyo kinachobaki ni kupima, na upime kabla pesa haijatoka mkononi.

Kwanza joto la hewa. Sensa hii ina pini tano, tatu za mtiririko na mbili za joto. Weka mita ya omu kwenye hizo mbili: kwa nyuzi 20 hadi 25 utegemee karibu kilo-omu 2 hadi 2.5, na ukiishika kwa kiganja ikapata joto namba ishuke. Kama haishuki, au inasoma kitu cha mbali kabisa, rudisha palepale. Njia nyingine ni asubuhi kabla ya kuwasha injini iliyolala usiku kucha. Fungua swichi tu, usome joto la hewa na joto la maji. Yanatakiwa kukaribiana sana. Asubuhi ya Julai hapa mjini, sensa inayokwambia hewa ni nyuzi 40 inadanganya.

Pili, mtiririko. Injini ya lita 2 ikishapata moto, AC imezimwa, kwenye sailensa inatakiwa kuvuta karibu gramu 3 hadi 4 kwa sekunde. Ipandishe taratibu hadi mizunguko 2,500, namba ipande nayo bila kurukaruka, ifike kwenye 10 hivi au zaidi kidogo. Kisha angalia marekebisho ya muda mrefu ya petroli baada ya kuendesha kilomita kadhaa: chini ya asilimia 5 kuongeza au kupunguza ni safi, ikipita 10 kuna tatizo, ikikaribia 20 usikanyage. Magari mengi ya soko la Japani ya miaka hiyo hayasomwi vizuri na vile vifaa vidogo vya bei rahisi, tafuta fundi mwenye mashine inayoongea na Subaru.

Anauza pia sensa za presha ya manifoldi, na hizo Dodoma tunazikamata kirahisi kuliko Dar. Tuko kama mita 1,120 juu ya bahari. Swichi imefunguliwa, injini haijawashwa, sensa nzima lazima isome karibu kilopaskali 88 hadi 90, ambayo ndiyo hewa ya hapa. Ikisoma 101 wakati gari limesimama Area A, inakusomea hewa ya Kigamboni. Kwa injini za Toyota 1JZ za tabo, ambazo hazina sensa ya mtiririko na zinategemea presha, kosa hilo linaingia moja kwa moja kwenye petroli.

Tukiambiwa tuchague kati ya sensa mpya ya mtu huyu na ya mtumba iliyotolewa kwenye gari la ajali, tunachukua ya mtumba bila kufikiria, ilimradi ipimwe kwa njia hizo.

Vitu vingine vya paketi. Kiboksi cha kuchomeka kwenye soketi ya kupimia ni taa za kuwakawaka tu, hakibadilishi ramani ya petroli, yaani mpango wa kumwaga petroli ulio ndani ya kontroli boksi. Wakati mwingine anatoa rezista ya kuunga kwenye waya wa joto la hewa, na hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu inaifanya kontroli boksi iamini hewa ni ya baridi wakati ni ya mchana wa Oktoba.

Bomba la koni linakosesha hesabu hata ukiwa na sensa halisi. Bomba la kipenyo cha ndani milimita 66 likibadilishwa kwa la 76, eneo linaongezeka na hewa inapita taratibu kwenye kijiwaya, sensa inasoma kama robo pungufu. Bila kupanga upya kontroli boksi umejitengenezea tatizo lilelile la feki. Koni zenye oili nazo zinarusha oili kwenye kijiwaya, vumbi linaganda hapo. Kwa mazingira yetu kasha la kiwandani lenye chujio kavu ni bora.

Tabo: shika shafti, ivute nje na ndani. Usihisi mchezo. Mchezo mdogo wa pembeni ikiwa kavu ni kawaida, ila bapa zisiguse nyumba yake. Anayekuuzia tabo kubwa bila kuuliza habari za pampu ya petroli, nozeli na mtu wa kupanga ramani kwa kipimo cha hewa na petroli, hajali injini yako.

Kama umeshanunua, rudisha sensa yako ya zamani ikiwa bado inafanya kazi, au endesha bila kuijaza tabo mpaka upate halisi. Tunza boksi, sensa yenyewe, mazungumzo na ujumbe wa muamala. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, na utapeli wa pesa ni wa polisi. Namba ya simu anayotapelia itume kwenda 15040 ya TCRA. Mbele ya safari lipa kwa mwenye duka anayetoa risiti ya EFD iliyoandikwa jina la spea na namba yake, na akubali kwa maandishi kwamba ikishindwa vipimo siku ya kufungwa anairudisha. Na hiyo sensa feki usimuuzie mwingine ili kupunguza hasara. Ivunje ukishamaliza kuitumia kama ushahidi.