Plastiki ya mapovu ndani ya sere yangu ku Lubumbashi: nimeijaribu baridi moja nzima

Niko na sere ndogo (kanyumba ka plastiki ka kuoteshea miche) nyuma ya nyumba, ku Katuba, mita 4 kwa 2 na nusu, mbao na plastiki ya kawaida, minaotesha mule miche ya tomati na pilipili ya kuuza mbele mvua ifike. Shida yetu wote wa huku munaijua: mwezi wa sita na wa saba muchana jua inawaka unatembea na shati tu, lakini tuko juu ya mita 1200 na usiku mbingu haina wingu hata moja, joto yote inapanda inaenda, asubui unakuta digri 6 ao 7. Tomati ikikaa chini ya 10 haifi lakini haikui, inasimama tu, na majani kwa chini inageuka rangi ya zambarau.

Baridi ya mwaka jana nilikuwa ninaingiza babula (jiko) ya makala, ni kusema makaa, kila usiku, gunia moja siku 9 imekwisha. Na niseme hapa wazi, babula ndani ya chumba imefungwa ni hatari, ile gazi ya makala haina arufu na inaua muntu amelala, kwa hiyo usikae mule hata dakika kumi, na asubui fungua mulango kwanza, ngoja inje, halafu ingia.

Sasa hii plastiki ni ile yenye mapovu ya hewa, unaijua, inakuwaka mu kartoni ya televizyo batoto banapenda kuipasua. Nilinunua rulo mbili. Ya kwanza, mapovu madogo kama kucha, muuzaji alinihakikishia ni ya sere na itakaa miaka tano. Si kweli. Ile ni ya kufungia mizigo, jua yetu ilikula ile plastiki, kufika mwezi wa kumi ukiigusa inakatikakatika kwa mukono na mapovu yote yamelala. Franka zangu zilienda vile. Ya pili ni ya mapovu makubwa, sentimeta 2 na nusu hivi, nzito, imetengenezwa kukaa juani, mita 50 kwa urefu na mita 1,20 kwa upana, bei ilikuwa mara mbili na nusu ya ile ingine lakini hii njo nasifu. Imemaliza baridi yote na mapovu bado yamejaa.

Nimeibandika kwa ndani, mapovu yanaangalia plastiki ya inje, maana kazi inafanywa na hewa ile imefungwa mule, hewa yenye haitembei haipitishi joto haraka. Ila wiki ya kwanza sikuona tofauti kubwa nikakasirika. Usiku nikaingia na mushumaa, nikaupitisha polepole chini ya ukuta na kuzunguka mulango, na pale karibu na bawaba mwali ukainama wote upande moja kabisa, ukakaribia kuzimika. Njo pale makala yangu ilikuwa inatokea! Nikaziba na magunia ya zamani, nikalundika udongo kwa chini kuzunguka yote, na kesho yake asubui termometa ilisoma 11 wakati inje ni 7, bila babula. Kwa hiyo kama hauna pesa ya rulo, ziba matundu kwanza, haina bei.

Kitu ingine nilitia ni fito (pipa) ya maji, litre 200, nimeipaka rangi nyeusi, inakaa upande jua inapiga. Nilipiga hesabu: maji ile ikishuka digri 10 usiku inarudisha joto sawa na resho (jiko ya umeme) ya wati 1000 ikiwaka saa mbili na zaidi, na yenyewe haingoji umeme urudi. Funga sere mbele jua izame, si kisha, ungojea giza umeshapoteza.

Ubaya iko. Mwangaza inapunguka, miche yangu ya mustari wa nyuma ilirefuka ikawa miembamba, ikabidi nizungushe sinia kila siku mbili. Na unyevu: asubui matone yanakuangukia ku shingo, nisipofungua mulango saa ine mpaka saa tisa, miche inaoza pale shina inagusa udongo, nilipoteza sinia moja nzima ya pilipili vile.

Makala? Gunia sasa inafika karibu wiki tatu, ninawasha babula zile usiku kali tu. Rulo imeshajilipa mbele mwezi wa nane uishe. Imebakia mita kama 15, nitazikunja mara mbili nifunge nazo mulango, maana pale bado mwali unatikisika.