Drili ipi inunuliwe kwanza: mwongozo kwa wenye karakana za nyumbani Lamu na Malindi

Mtu akishakuwa na nyundo, msumeno, bisibisi na patasi mbili, chombo kinachofuata huwa ni drili. Hapo ndipo pesa nyingi zinapopotea. Hadiwea humpangia mashine kumi za rangi za kuvutia, na aghalabu ile yenye sanduku kubwa na vikorokoro vingi ndiyo anayoondoka nayo, ilhali ndiyo mbovu kuliko zote. Mpangilio huu ni wa mtu anayejifanyia kazi zake nyumbani: rafu, bawaba, kitanda kilicholegea, pazia, pangaboi, na mara moja moja mashua. Anayekula kwa useremala ana hesabu nyingine.

Tazama ukuta kwanza

Nyumba za kale za Lamu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na juu yake lipu ya chokaa. Ukuta ni mnene lakini si mgumu, tena haulingani: biti (kile chuma kinachotoboa) inapita kwenye chokaa kama inayopita kwenye boflo, inakutana na jiwe, inateleza kando. Ukiwasha sehemu ya kugonga (ile inayofanya biti ipige huku ikizunguka), lipu inamomonyoka na tundu la milimita 8 linatoka la 12. Plagi ya plastiki inazunguka ndani na skrubu haikazi kabisa. Ukuta wa namna hii upekeche bila kugonga, mwendo wa polepole, na biti ndogo kwa milimita moja kuliko plagi: plagi ya 8, anza na biti ya 7. Chukua plagi ndefu, milimita 60 au zaidi, kwa sababu lipu peke yake haibebi uzito. Plagi lazima ifike kwenye jiwe. Puliza vumbi litoke kabla ya kuichomeka, maana unga wa chokaa uliobaki ndani ndio unaoifanya iteleze. Tundu likiharibika, chonga kigingi cha mti mgumu, kigonge ndani mpaka kikae sawasawa na ukuta, kisha pekecha upya katikati ya kigingi. Ni njia ya wazee na bado haijapata mshindani.

Zidaka, vile vishubaka vya nakshi ukutani, usizitoboe kwa drili yoyote. Mji wa Kale wa Lamu uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na lipu ya nakshi ikishabomoka, kuirudisha ni kazi ya fundi wa nakshi.

Malindi mambo ni tofauti. Nyumba nyingi mpya zina mawe ya kukatwa yaliyojengwa kwa saruji, na juu ya kila mlango na dirisha pana linta ya zege yenye nondo. Fimbo ya pazia inafungwa hapo hapo kwenye linta. Ndiyo maana watu wawili, mmoja wa Lamu na mwingine wa Malindi, wakibishana drili gani ni nzuri, huenda wote wana haki.

Nafasi ya kwanza: drili ya waya yenye kugonga, wati 600 hadi 750

Hii ndiyo ya kununua kama utanunua moja tu. Iwe na mdomo unaopokea biti hadi milimita 13, swichi inayoongeza mwendo kadiri unavyoibonyeza, uwezo wa kurudisha nyuma, na kitufe cha kuzima kugonga. Mpini wa pembeni ni wa lazima: biti kubwa ikinasa kwenye mbao, mashine huzunguka yenyewe na kifundo cha mkono ndicho kinacholipa.

Sababu ya kuipa nafasi ya kwanza ni hii. Karakana ya nyumbani hufanya kazi Jumamosi mbili kwa mwezi. Betri huzeeka hata ikiwa imekaa tu, na joto la pwani huongeza kasi ya kuzeeka huko. Drili ya waya ikikaa miezi minne inakungoja vilevile ulivyoiacha. Ikichoka, mara nyingi ni kaboni tu: vile vipande viwili vinavyosugua kwenye mota. Dalili zake ni cheche nyingi kwenye matundu ya hewa, harufu ya kuungua, na mashine inayokatakata mpaka uipige kofi. Kaboni ikibaki fupi kuliko milimita 5, badilisha zote mbili kwa pamoja. Nunua jozi ya akiba siku ile ile ya kununua drili, na ukiweza chagua mashine ambayo vifuniko vya kaboni viko nje, vinafunguliwa kwa bisibisi bila kupasua kiwiliwili kizima.

Wati zaidi ya 750 hazikuongezei kitu nyumbani isipokuwa uzito. Chini ya 500, biti bapa ya milimita 25 kwenye mbambakofi itaisimamisha mota, na mota iliyosimama huku umebonyeza swichi huungua upesi sana.

Fyuzi ndani ya plagi ya umeme ni jambo linalosahauliwa. Plagi nyingi huuzwa na fyuzi ya ampia 13. Drili hii inatosheka na ya 5. Waya mwembamba wa drili ukichubuka ndani na nyaya zake kugusana, fyuzi ndogo ndiyo itakayowahi.

Wenye sola, angalieni kitu kimoja. Inveta ya wati 300 haitawasha drili ya wati 650, hata ukibonyeza taratibu vipi. Mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya kiwango chake. Kwa nyumba isiyo na umeme wa laini, ruka moja kwa moja hadi nafasi ya pili.

Nafasi ya pili: ya betri, volti 18, yenye betri mbili

Ni tamu kwa skrubu na kwa kupanda ngazi, na juu ya mashua ufukweni ndiyo inayofaa, kwa sababu drili ya waya kwenye mchanga wenye maji ya chumvi ni hatari ya kuuawa na umeme. Ila ijue ilivyo. Betri ya volti 18 yenye ampia-saa 2 imebeba wati-saa 36. Ukipekecha kazi nzito inayovuta wati 300, hizo ni dakika saba hivi. Kwa skrubu za bawaba zinatosha mchana kutwa. Kwa matundu kumi ya milimita 20 kwenye boriti ya mkoko, utamaliza zote mbili.

Usinunue yenye betri moja. Ikifa, bei ya betri mpya itakufanya utazame drili nyingine nzima.

Volti 18 na ile inayoandikwa volti 20 ni kitu kimoja: seli tano ndani. Ya kwanza imetaja kiwango cha kawaida, ya pili imetaja kilele cha betri iliyojaa. Na usidhani rangi ni urembo: kwa Bosch, buluu ni ya mafundi na kijani ni ya nyumbani, na betri zao za volti 18 haziingiliani. Anayenunua betri ya akiba bila kuangalia hilo hurudi dukani na lawama.

Volti 12 je? Ni nyepesi, na kwa mtu wa kufunga makabati tu inafaa. Ukutani ni mateso.

Nafasi ya tatu: drili ya SDS (ya kugonga, yenye mdomo maalumu wa biti zake)

Kwa mwenye nyumba ya zege Malindi, hii ingeweza kupanda hadi ya pili. Tofauti yake na drili ya kawaida ya kugonga ni ya ndani. Ile ya kawaida ina sahani mbili za meno zinazorukiana. Nguvu yote ya kugonga inatoka kwenye bega lako unaposukuma. SDS ina pistoni inayosukumwa kwa hewa na kupiga biti kutoka nyuma, kwa hiyo unaishikilia tu, husukumi. Tundu la milimita 8 kwenye linta linalochukua dakika tano za jasho kwa drili ya kawaida, hapa ni suala la nusu dakika. Ile ya kilo mbili na nusu inatosha. Kubwa zaidi ni ya kubomolea.

Udhaifu wake ni mbao. Inapokea biti za SDS tu, na kile kipande cha kuunganishia mdomo wa kawaida hufanya biti iyumbe. Kama kazi yako ni fimbo tatu za pazia, azima kwa siku moja na uweke pesa yako.

Nafasi ya nne: drili ya mkono ya kuzungusha

Vijana wanaicheka. Inapekecha hadi milimita 6 au 8, haina betri wala waya, inaingia majini ikatoka, na kwa matundu ya mwanzo ya skrubu ndogo ina utulivu ambao mashine haina: unahisi biti inapofika mwisho. Ni jamaa ya keekee ya uta waliyotumia waunda majahazi, isipokuwa keekee huenda mbele na kurudi nyuma, na hii huenda upande mmoja. Ukiiona imeuzwa kwa mtumba na meno yake hayajalika, ichukue.

Isiyopewa nafasi

Ni lile sanduku lenye vipande mia lililoandikwa volti 48 au 88. Chukua kipimo cha umeme, ijaze betri, pima kwenye ncha zake. Ukisoma volti 20 au 21, una seli tano kama ya kila mtu, na namba iliyo kwenye kibandiko ni urembo. Biti zake hupinda kwenye mkoko, na betri yake haipatikani tena baada ya mwaka.

Kuikagua dukani

Omba umeme uijaribu. Duka linalokataa, ondoka. Funga biti ndefu ya milimita 6 iliyonyooka, zungusha polepole, tazama ncha. Ikichora duara badala ya kusimama mahali pamoja, mdomo umepinda na kila tundu lako litakuwa pana. Shika mdomo uutikise kulia na kushoto: ukicheza, beringi imelegea tangu kiwandani. Bonyeza swichi kidogo kidogo. Mwendo upande taratibu, usiruke. Sikiliza gia: kukoroma ni kawaida, lakini mlio wa kusaga ni dalili mbaya. Waya uwe wa mpira laini, si plastiki ngumu inayokunjika kama fimbo. Na soma jina herufi kwa herufi, kwani kuna majina yanayofanana na Makita au DeWalt kwa herufi zote kasoro moja. Kwa Ingco na Total, ambazo ndizo zinazoonekana sana madukani na kwa bei ya kati, uliza kabisa kama kaboni na swichi zake zinapatikana hapo hapo. Wa Lamu ana sababu zaidi ya kuuliza: kurudisha mashine ni mashua hadi Mokowe na basi juu yake.

Biti ndizo zinazofanya kazi

Gawa bajeti: theluthi moja iwe ya biti. Drili ya bei ya kati yenye biti kali inaishinda drili ya ghali yenye biti butu, kila mara. Za chuma na mbao nunua 2, 3, 4, 5, 6, 8 na 10, na za milimita 3 chukua tatu, maana hizo huvunjika. Za ukuta, zenye ncha ngumu iliyobandikwa, 6, 7, 8 na 10. Za mbao zenye msumari katikati, 6, 8 na 10. Hizi hazitelezi zinapoanza na tundu lake halichaniki mdomo. Rangi ya dhahabu kwenye biti haikuambii chochote. Ukishainoa mara moja, kwenye ncha haipo tena.

Kwa skrubu namba 8 kwenye mbambakofi, pekecha tundu la milimita 3, na kwenye ubao wa juu milimita 4.5 ili skrubu ipite huru na kuvuta. Skrubu za shaba hukatika shingo kwenye mti mgumu: ingiza kwanza ya chuma yenye ukubwa ule ule, itoe, kisha paka ya shaba sabuni na uifuatishe. Nyumba ya pwani haistahili skrubu za kawaida zilizopakwa zinki. Chumvi huzila, na doa la kutu hushuka kwenye lipu.

Mkoko hujaza biti unga wake. Toa biti nje kila sentimita moja, la sivyo inashika moto, inabadilika rangi ya buluu na ukali wake umekwisha. Chini ya ubao weka kipande cha ubao mwingine ili tundu lisipasuke linapotokea upande wa pili.

Chuma kisichoshika kutu, kile cha vyombo vya baharini, kinataka kinyume cha haraka. Biti ya milimita 6 iende mizunguko 600 hivi kwa dakika, matone ya mafuta, na mkandamizo mzito usiokatika. Ukiiacha biti isugue bila kukata, chuma kinakuwa kigumu pale pale na hutakitoboa tena. Tumia biti zenye kobalti, moja au mbili tu za saizi unazohitaji.

Kuihifadhi

Adui ni hewa ya chumvi, hasa siku za kusi. Ndoo ya rangi yenye kifuniko kinachobana ni kabati bora kuliko lile sanduku la plastiki lililokuja na drili, ambalo hupitisha hewa. Mdomo uupige mafuta membamba ya mashine kila mwezi, uufungue na kuufunga mara kadhaa ili yaingie kwenye meno matatu. Mafuta ya nazi hapana: hugeuka gundi. Biti zipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kabla ya kuzirudisha. Ukimaliza kutoboa chokaa, puliza matundu ya hewa huku mashine ikizunguka bila mzigo. Unga wa chokaa ukipata unyevu hugandia kwenye mota.

Betri zihifadhiwe zikiwa nusu, ndani ya nyumba, si kwenye kibanda cha mabati. Ikitoka kazini ya moto, iache ipoe nusu saa kabla ya kuiweka kwenye chaja.