Sitting Pretty (1948): yaya asiyependa watoto

Kama mmechoka na katuni na mnataka kitu cha kutazama pamoja na watoto, jaribuni hii. Ni filamu ya zamani isiyo na rangi, ya 20th Century Fox, imeongozwa na Walter Lang, na haifiki saa moja na nusu.

Harry na Tacey King (Robert Young na Maureen O'Hara) wana wavulana watatu watundu na jibwa lisiloshikika. Wasichana wa kazi hawadumu. Tacey anatoa tangazo, anajibiwa na mtu aitwaye Lynn Belvedere, na nyumba nzima inajiandaa kumpokea mwanamke. Anayebisha hodi ni mwanaume wa makamo, nadhifu, pua juu. Anasema wazi kuwa watoto hawapendi. Akiulizwa kazi yake, anajibu kuwa yeye ni jiniasi. Na anabaki!

Clifton Webb ndiye anayeibeba filamu yote. Kuna pale mtoto mdogo anapomrushia uji, naye Belvedere analichukua bakuli na kumfunika nalo kichwani, bila kelele wala kukunja uso. Wanangu walitaka nirudishe nyuma waone tena. Mama mkwe akasema huyo angefukuzwa siku hiyohiyo.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba Belvedere halainiki. Nilikuwa nasubiri lile tukio la yaya mkali kutokwa machozi na kukumbatia watoto, halikuja. Wanamtii kwa sababu anaongea nao kama na watu wazima na hajali kama wanampenda. Webb aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora, ikaenda kwa Laurence Olivier wa Hamlet. Ndiyo hivyo, vichekesho huwa havipewi heshima.

Inapozidi nusu, hadithi inahamia kwa jirani mmbea, Appleton (Richard Haydn), anayevumisha mambo kuhusu Tacey na Belvedere wakati Harry yuko safari ya kikazi. Mimi umbea ule niliupenda. Watoto wangu waliboreka, maana wenzao wa kwenye filamu karibu wanatoweka. Wivu wa Harry nao umevutwa mno.

Mazungumzo ni ya kasi, kwa hiyo mtoto ambaye Kiingereza bado kinamsumbua akae na mtu wa kumfafanulia. Ukiipenda, Webb aliendelea na Belvedere katika filamu nyingine mbili, ya 1949 na ya 1951. Ile ya 1949, ya chuoni, haifikii hii.

Naipa nyota 4 kati ya 5.